Jina la Mama Shabani

Kuna harufu moja ambayo huwa siwatajii watu, kwa sababu nikiitaja wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Ni harufu ya kanga iliyolowa maziwa ya mama ikakaukia mwilini. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Mwankoko, ndoo yangu ya mtama iko miguuni, vumbi la unga limetujaa mpaka kwenye kope, na mbele yangu alisimama mama mmoja mdogo kabisa wa umri, mtoto kamwacha nyumbani. Foleni haikusogea. Kifua chake kikaanza kulowa, naye akawa anajifunika kwa pindo la kanga huku akiangalia chini kwa aibu. Harufu ikanifikia pale pale, juu ya pumba na moshi wa dizeli. Nikawaomba waliotutangulia wampishe asage akanyonyeshe, wakampisha, ingawa kuna mmoja alinung'unika mpaka nikamkata jicho. Mimi nikabaki na ndoo yangu, ila kichwa kilishafika Sepuka, kijijini kwetu, mwaka aliozaliwa mdogo wangu.

Nilikuwa darasa la pili, meno ya mbele hayapo, na nilijiona mtu mkubwa kwa kuwa nilishaweza kubeba maji ndoo ndogo bila kumwaga. Mama alijifungulia zahanati, akarudi nyumbani kwa miguu yake, anacheka. Mtoto wa kiume. Wanawake wa jirani wakaja na kuni na unga wa uwele, wakamchemshia maji, wakampikia uji, wakamtania kwamba safari hii amezaa mlinzi wa mbuzi. Zilipita siku chache tu, homa ikampanda. Tumbo likavimba. Chumbani kukawa na harufu ambayo hata mimi mtoto niliijua kuwa si ya mzazi bali ya mgonjwa, na mama akaanza kuniita kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

Baba akampakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, akapata lori la vitunguu linaloelekea mjini. Mtoto angekwenda na mama yake, maana hospitali wangejua la kufanya. Ila bibi yangu, mama yake baba, alisimama katikati ya njia na mtoto mikononi akasema hamtoi. "Maziwa ya mwenye homa ni sumu," alisema. "Na upepo huu, juu ya magunia? Mnataka kunizikisha wawili?" Basi bibi yangu akishasema neno, hata baba alikuwa anarudi nyuma. Mama hakuwa na nguvu ya kubisha. Lori likaondoka, mtoto akabaki na sisi, na kila mtu pale aliona bibi amefanya jambo la busara.

Tulimpa maziwa ya mbuzi. Bibi aliyachemsha, akayapoza, akayaongeza maji, akamnywesha kwa kijiko tone kwa tone. Mtoto akayatapika. Tukampa tena, akaharisha. Maziwa ya kopo yalikuwa dukani, tena unayaona pale kwenye rafu, lakini kwetu yalikuwa ya kuangaliwa. Kilio chake kilianza kikubwa cha kuudhi majirani, halafu kikapungua, kikawa kama cha paka aliyefungiwa ghalani, halafu kikawa mdomo unafunguka bila sauti. Bibi aliniita akanionyesha utosi wa mtoto. Ulikuwa umedidimia, unaweza kuweka kijiko cha maji kikatulia. "Shika uone," akaniambia, nikashika, nikautoa mkono haraka. Sikuelewa nini hasa, ila nilielewa kuwa mtoto anaondoka, na mama akirudi atatuuliza.

Wiki ile ile, nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na msiba. Mwajuma alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza. Huyu Mwajuma alikuwa ameolewa kwa miaka, mimba zikawa zinaharibika, watu wanasema maneno yao, mpaka hatimaye akapata mtoto, akaitwa Shabani. Siku hiyo hiyo kijiji chote kikaacha kumwita Mwajuma kikaanza kumwita Mama Shabani. Ninyi mnajua mambo yetu. Mwanamke akizaa jina lake la usichana linawekwa kabatini, na yeye anageuka ukimwita mama fulani, na anavyogeuka unaona kabisa kwamba anapenda. Yeye alikuwa akigeuka polepole, makusudi, ili umwite mara ya pili. Watu walimcheka kwa hilo, lakini kwa upendo. Kisha mtoto akashikwa na degedege alfajiri, na jua lilipokuwa utosini walikwishamzika.

Kuanzia siku ya mazishi, watu wakarudi kumwita Mwajuma. Walidhani wanamhurumia, wasimkumbushe. Mimi nilipitiwa nikamwita Mama Shabani mbele za watu, bibi akanifinya mkono mpaka alama ikabaki. Mwajuma akasema kwa sauti ya chini, "Mwache mtoto."

Aliyekuwa na akili siku hizo ni Mama Eliya, mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio mlima wa pili. Alikuja kumwangalia mtoto wetu, akamfunua, akamfunika. Akatoka bila kuaga. Baadaye tulisikia kwamba alikwenda moja kwa moja zahanati kumuuliza muuguzi kama Mwajuma alipimwa kliniki alipokuwa mjamzito, maana siku hizo kila mtu aliuogopa ule ugonjwa, na muuguzi akamhakikishia kwamba Mwajuma ni mzima. Akarudi kwetu, akamwambia bibi, "Mama, yule ana maziwa."

Bibi alielewa mara moja. Hakuna anayefanya hivyo, alisema. Mtoto mchanga hapelekwi kwenye nyumba iliyotoka kumzika mtoto mchanga. Aliyekufa atamfuata mwenziwe. Tena kwenda kumwonyesha mwanamke mfiwa mtoto wa mwenzake, ukamwomba, huo ni ukatili, Mungu hawezi kuufumbia macho. Walibishana kwa Kinyaturu, harakaharaka, sikuyashika yote. Mama Eliya akamaliza kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza niliisikia ikiwa ndogo. "Basi tukae tumwangalie." Bibi akamtazama mtoto. Kisha akanifunga mtoto mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akaikaza sana, akaniambia nenda na Mama Eliya.

Nakumbuka njia ile kwa jinsi mgongo wangu ulivyokuwa mwepesi. Nilishawahi kubeba watoto wa watu, najua mtoto anavyovuta mabega. Huyu hakuvuta.

Ndani kwa Mwajuma wanawake walikaa kwenye mikeka, wamejifunika, hewa nzito ya ubani na miili ya watu. Yeye alikuwa ameegemea ukuta. Walikuwa wamemfunga matiti kwa kanga, wameizungusha mara nyingi wakaikaza ili maziwa yakauke, na uso wake ulikuwa umevimba kwa maumivu mengine kabisa, tofauti na kulia. Nikaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia kwa kuchelewa. Wote walikuwa wanaangalia mgongo wangu. Mama Eliya akakaa, akatoa pole, akainamisha kichwa, akashindwa kusema alichokuja kusema. Mwanamke yule mwenye mdomo mpana kijiji kizima alikaa pale anafuta magoti yake kwa viganja.

Mtoto ndiye aliyesema. Sijui alipata wapi sauti, lakini alilia, kilio chembamba, kibovu, hakifiki hata mlangoni. Na mbele ya macho yetu ile kanga kifuani kwa Mwajuma ikaanza kubadilika rangi. Doa moja, halafu la pili, halafu yakakutana. Harufu ikajaa chumba.

"Mtoeni huyo," Mwajuma akasema.

Nikatoka mbio. Nikasimama nje penye jua kali, karibu na rundo la vichwa vya alizeti vilivyobaki msimu uliopita, nikimtikisa mtoto ingawa alikwishanyamaza. Nilimchukia Mwajuma, msinilaumu, nilimchukia kwa nguvu zote za mtoto wa darasa la pili. Niliona anayo na anatunyima. Halafu nikasikia kitambaa kinafunguliwa ndani, na sauti yake, nzito, "Mleteni. Na ninyi geukeni huko, msinitazame."

Tuligeuka sote. Kwa hiyo sikuona mdogo wangu akinyonya mara ya kwanza, nilisikia tu. Mwanzoni hakuna kitu, kisha kukohoa, kisha kumeza, kumeza kwa pupa mpaka anapaliwa. Mwajuma alitoa sauti kama mtu aliyeungua. Baada ya muda akauliza, "Anaitwa nani?" Mama Eliya akajibu kwamba bado hajapewa jina, baba yake yuko hospitali na mgonjwa. "Bado," Mwajuma akarudia, na hakuuliza tena.

Mtoto alibaki kwake, kwa sababu mtoto mchanga hanyonyi kwa ratiba ya watu wakubwa. Wanawake wakapanga mambo bila kikao. Huyu anapeleka uji wa uwele wenye karanga, huyu mlenda na ugali, mwingine anachota maji. Shamba la alizeti la Mwajuma lilipaliliwa na akina mama waliokuwa bado hawajamaliza yao, mumewe akiwa amesharudi kwenye vibarua vyake Itigi. Mama Eliya alisimamia kama mnyapara. Ukipeleka uji mwepesi alikurudisha mlangoni. "Huu ni wa kunywesha kuku," anakuambia, na hajali wewe ni mke wa nani. Hata bibi yangu, aliyeapa kwamba hatakanyaga pale, alipeleka kuku wake mtetea, akamwacha mlangoni amefungwa miguu, akaondoka bila kubisha hodi.

Mimi nilikwenda kila nilipotoka shule. Mdogo wangu akarudiwa na mashavu. Utosi ukasimama, ukawa unadunda vizuri. Mwajuma alimpaka mafuta ya alizeti mpaka akang'aa, akamwimbia nyimbo ambazo nadhani zilitungwa kwa ajili ya mwingine. Wakati mwingine nilimkuta anamwangalia usoni kwa muda mrefu, ananyonyesha na machozi yanamtoka, wala hayafuti, kana kwamba ni vitu viwili visivyohusiana. Na watu wote, pamoja na uji wao, waliendelea kumwita Mwajuma.

Mama alirudi msimu wa kuvuna. Alishuka kwenye lori akiwa mwembamba hadi nikamwonea haya, mkono mmoja ameubana tumboni, kama anayezuia kitu kisidondoke. Hakuingia hata nyumbani. Tulikwenda kwa Mwajuma, mama anapumzika kila baada ya hatua chache, na tulipofika alipiga magoti chini, mtu mgonjwa vile, akashukuru. Mwajuma akampa mtoto. Alikuwa amemwogesha, amemvalisha kofia.

Mtoto akamwangalia mama, akaangua kilio. Akajipinda, akawa anatafuta sauti ya Mwajuma. Mama akafungua blauzi akampa ziwa, naye akalishika, akavuta, akaliachia kwa hasira. Hakukuwa na kitu. Kwa hasira yake yule mtoto alimpiga mama kifuani kwa ngumi yake ndogo. Mwajuma akageukia ukutani. Mama akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, akasema asante tena, tukaondoka na mtoto analia njia nzima.

Nyumbani hakunyamaza. Tulimpa uji kwa kikombe akautema. Bibi akasema atazoea, njaa itamfundisha. Mama alimbeba akizunguka uani siku nzima na mshono wake wa tumboni, mpaka jasho likamlowesha. Tukasikia kwa Mama Eliya kwamba Mwajuma ameomba wanawake wamfunge tena matiti, safari hii wakaze zaidi.

Kesho yake asubuhi mama aliniambia nimbebe mtoto. Yeye akatembea kwa kushika kuta za watu. Tulimkuta Mwajuma uani na wanawake wengine kadhaa, wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, na yeye alipiga kuliko wote, hakuinua macho. Mama akasimama, akavuta pumzi.

"Mama Shabani," aliita.

Fimbo zote zikasimama. Bibi hakuwepo, angezimia. Mwajuma hakugeuka. Mama akaita tena, kwa sauti ile ile ya kawaida, ya mtu anayeita jirani yake kuhusu jambo la kawaida. "Mama Shabani. Shabani analia njaa. Njoo umchukue mwanao."

Akageuka. Polepole, kama zamani. Sitawaeleza uso wake, sina maneno hayo.

Nyumbani kulikuwa na vita. Jina la marehemu! Jina la Kiislamu katika nyumba ya Walutheri! Bibi alilia, akasusa kula kwetu. Baba alikaa siku nzima na redio yake iliyoisha betri. Jumapili ya ubatizo mwinjilisti alipouliza jina, baba akasema Danieli, kisha akamwangalia mama, akaongeza, "Danieli Shabani." Hakuna aliyewahi kumwita Danieli, isipokuwa walimu.

Mdogo wangu akawa mtoto wa nyumba mbili, lakini tuseme ukweli, alikuwa zaidi wa nyumba ile. Alilala kule, aliugua kule, neno lake la kwanza alilitamkia kule. Kwetu alikuja mchana kula na kuniharibia madaftari. Hata alipoacha kunyonya, mama hakumrudisha kwetu. Jioni mama alikaa mlangoni ameelekea upande wa nyumba ile, anachambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Nilipomwambia twende tukamchukue, alisema, "Mwache, ameshalala." Mimi nikahitimisha kwamba mama yangu hampendi yule mtoto. Kwamba alimchosha, kwamba alimletea ugonjwa, kwa hiyo amepata pa kumweka. Nilikua na wazo hilo. Wala sikumchukia mama kwa hilo, nililiona kama tabia tu, kama vile wengine hawapendi mbwa.

Nilipomzaa mwanangu wa kwanza, mama alikuja hapa Mwankoko kuniuguza. Nilikuwa mzazi mwenye kichaa. Nilimng'ang'ania mtoto, mama mkwe wangu mwenyewe nilimpa kwa dakika moja nikamnyang'anya. Alasiri moja mama anamenya karanga, mimi nanyonyesha, nikamtania. Nikamwambia, mama wewe una moyo wa chuma, uliwezaje kumtoa Shabani vile?

Akaendelea kumenya. "Kule hospitali walinitoa kizazi," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza, alijua lini. Akasema alijua kabla ya kupanda lori la kurudi, daktari alimkalisha chini akamweleza. Basi nikaiona ile asubuhi upya, mama anashika kuta za watu, mimi na mtoto mgongoni. Alikuwa anampeleka mtoto wake wa mwisho, na anajua kuwa ndiye wa mwisho.

"Na Mama Shabani alijua?"

"Ningemwambia, angekataa," mama akasema. "Mimi nilishaitwa Mama Rehema, kwa jina lako. Yeye angeitwa nani?" Halafu akaniambia mtoto amelala, nimtoe ziwani, na hayo tusiyazungumze tena.

Sikuyazungumza. Nayasema leo kwa sababu Mama Shabani tulimzika baada ya mavuno yaliyopita, na hakuna wa kumuumiza tena. Shabani, mwanamume mzima sasa, alishuka kaburini kumpokea pamoja na wanaume wa upande wa baba yake mlezi, na hakuna sheikh wala mwinjilisti aliyefungua mdomo. Lakini siku chache kabla ya hapo nilikuwa pale nyumbani kwake, mchana, yeye amelala kitandani amebaki mifupa, mama yangu ameketi pembeni anamfuta uso kwa kitambaa kilicholowa. Walikuwa wazee wawili tayari. Mama Shabani akanishika mkono, akaniambia kwa pumzi za vipande vipande kwamba mama yangu ni mtu mwema kuliko watu wote aliowajua. "Ila kwa watoto," akasema, "Mungu hakumpa moyo. Mimi nisingeweza kumtoa mwanangu. Hata ningekuwa na kumi."

Nikamtazama mama. Nilitaka aseme. Alichovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua, akampangusa shingo na nyuma ya masikio, taratibu, kama anavyoogeshwa mtoto.

"Kweli, Mama Shabani," akamwambia. "Wewe ulinishinda kwa hilo."

Mgonjwa akatabasamu, akafumba macho, ameridhika. Mimi nikainuka nikatoka uani, kwa sababu nilikuwa na mtoto mwingine mgongoni na nilihisi nitaangua kilio nimwamshe.